Nilivyookoa Piano ya Mkwe Wangu

Aibu niliyoivuna leo hapa Butembo, jamani, mkigawana wote kwenye kundi hili itawatosha na nyingine itabaki ya kupeleka Beni. Nimejifungia chumbani. Simu inalia, ujumbe unaingia juu ya ujumbe, na wote wanauliza swali moja: "Ni kweli?" Ni kweli. Niacheni niwaeleze mwenyewe kabla hamjasikia kwa wanakwaya, maana wale wataongeza chumvi. (Hata hawana haja. Iliyomo inatosha.)

Mnanijua. Mimi ni Mama Muhindo wa vikwembe, soko kuu. Miaka ishirini na miwili nauza vikwembe, vitenge vya yadi sita, na hajazaliwa mtu wa kuniuzia kipande kilichopunjwa. Wajanja wana mbinu yao. Kipande cha yadi sita kinakunjwa mikunjo, wewe unahesabu mikunjo, unakuta imetimia, unabeba. Kumbe kila mkunjo umefupishwa vidole viwili! Unafika kwa fundi, fundi anakuambia mama, hapa patatoka sketi ya mtoto. Mimi sihesabu mikunjo. Naweka shubiri yangu, kuanzia gumba hadi kidole cha mwisho, na ukweli unatoka wenyewe. Mkono wangu ni mkubwa, nilipewa na baba yangu, na sokoni wanauita "mita". Nilikuwa najivunia jina hilo hadi leo saa tisa mchana.

Sasa, mwanangu Muhindo anafanya kazi Beni na anataka kumuoa binti mmoja wa kule, Masika. Huyu ni wa tatu. Wawili wa kwanza waliondoka, na Muhindo anadai mimi nilichangia. (Wa kwanza nilimwambia tu kwamba chumvi yake ni nyingi. Nilimwambia mbele ya wageni, sawa, lakini chumvi ilikuwa nyingi.) Safari hii aliniomba kwa sauti ya upole inayotisha: "Mama, nakuomba. Huyu hapana mufukuza."

Mama yake Masika ni mwalimu wa muziki. Sikuwa nimemwona hata mara moja. Nilichokijua ni kwamba anapiga piano, ule muziki wa wazungu wa zamani usio na maneno wala ngoma, ambao mtu anakaa kimya hadi mwisho ndipo apige makofi. Leo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kupiga mbele ya watu, na kwa kuwa ukumbi wa parokia yetu ni mkubwa, alichagua kuja kupigia huku. Piano yake ilitangulizwa kwa lori. Na nani mwenyekiti wa kamati ya mamas wa mapokezi? Mimi. Nani aliyepewa karatasi ya kutia sahihi? Mimi. "Piano moja, nzima, imepokelewa." Nikatia sahihi kabla sijapima. Mimi, Mita!

Lori lilifika saa mbili asubuhi. Wanaume sita wa sauti ya nne ya kwaya wakaishusha na kuiingiza ukumbini. Piano nyeusi, inang'aa, nzuri. Nikafungua kifuniko kwa heshima zote, nikahesabu yale meno meupe na meusi. Themanini na nane. Imetimia. Ningeishia hapo leo ningekuwa mtu mwenye furaha.

Lakini pale ukumbini kuna piano nyingine, ya kale, iliyoachwa na wamisionari. Nilipokuwa msichana, sista mmoja alinifundisha nyimbo mbili juu yake, na jambo moja lilinibaki: shubiri yangu inaanzia do hadi do inayofuata, sawasawa, bila kuzidi. Nikaweka mkono juu ya piano mpya. Nikaanzia do. Kidole kikavuka do ya pili kikaenda kulala kwa jirani! Nikarudia. Kikavuka tena. Nikaenda kwenye piano ya kale: sawasawa. Nikarudi kwenye mpya: inavuka. Kisha nikaangalia pembeni, kushoto na kulia, pale meno yanapoishia. Wameziba nafasi kwa vipande vya mbao vilivyopakwa rangi nyeusi!

Hesabu imetimia, kila moja imefupishwa. Jamani, ningekosaje kuutambua wizi huu, mimi ambaye nimepigana nao maisha yangu yote?

Nikamwita Paluku, kiongozi wa ile sauti ya nne, ambaye pia ni seremala.

"Paluku, kuya uone."

"Naona piano, mama."

"Hesabu meno."

Akahesabu kwa kidole, midomo ikimtembea. "Makumi munane na munane. Iko yote."

"Sasa pima."

Akapima kwa mkono wake, akaenda kupima ile ya kale, akarudi akiwa ameshika kichwa. "Eh, Mungu wangu! Balikata! Njo fasi gani balikata?"

"Mu njia. Camion ililala mu njia."

"Na hizi bois za pembeni? Mama, hii kazi ni ya mutu anajua."

(Seremala mzima. Na mimi nikamwamini kwa sababu alikuwa anakubaliana na mimi.)

Nikakaa kwenye benchi nikawaza. Kumpigia Mama Masika simu? Walikuwa njiani, mtandao unakatika. Na nimwambie nini? "Mkwe, habari za safari, piano yako nimeipokea, imeibwa kidogo kidogo kila jino, na mimi nimetia sahihi"? Msichana wa tatu huyo anaondoka! Nikaamua kumaliza jambo kimyakimya, kama mtu mzima. Piano ya uongo iende kwenye stoo ya jikoni. Piano ya wamisionari ipande jukwaani. Baada ya muziki nitamfuata yule dereva wa lori mwenyewe na karatasi yangu. Mkwe atapiga piano iliyotimia, watu watapiga makofi, ndoa itafungwa.

Wale sita wakabeba. Ili tofauti isionekane, nikaenda nyumbani nikaleta kikwembe changu kizuri kuliko vyote, yadi sita kamili, nikaivika piano ya kale kuanzia kichwani hadi miguuni, nikaibana kwa pini, nikaacha meno tu yaonekane. Ilipendeza hadi nikarudi nyuma kuitazama. Baba Katekista akapita akasimama.

"Mama Muhindo, piano ya Beni iko wapi?"

"Njo hii, baba."

"Na ile ya zamani?"

"Inapumzika."

(Nilimdanganya katekista ndani ya uzio wa kanisa. Hilo nitalibeba peke yangu, msinisaidie.)

Saa nane ukumbi umejaa. Walimu, wafanyabiashara, masista, wenzangu wote wa sokoni wakiwa wamevaa. Wageni wakachelewa kwa sababu ya matope, wakafika moja kwa moja hadi mlangoni. Akashuka Mama Masika. Mwanamke mdogo! Mdogo kila mahali, mwembamba, mpole, sauti ya chini. Nikampa mkono, na mkono wake ukapotea ndani ya wangu hadi kwenye saa. Nikamhurumia sana. Nikajisemea, nimefanya vema, kiumbe mdogo hivi na watu wanataka kumuibia.

Nikatoa hotuba. Nikasema familia ya Beni karibuni, nikasema piano yenu imelindwa tangu asubuhi, hakuna mkono wa mtu ulioigusa isipokuwa wangu. Watu wakapiga makofi. Mama Masika akapanda jukwaani, akafika mbele ya piano, akasimama. Akaitazama. Akanitazama. Nikamchekea kwa meno yote. Akaitazama tena piano, akavuta pumzi, akakaa.

Hapo ndipo pananiuma. Sasa najua alikwisha kujua. Lakini mgeni aliyelelewa vizuri atasema nini, mbele ya ukumbi mzima, kwa mama wa kijana anayemuoa binti yake, dakika moja baada ya hotuba ile? Akaanza kupiga.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Polepole, mkono mmoja mmoja, sauti kama matone. Nikamtazama Muhindo, aliyefika na wageni akakaa kando yangu, nikampiga kiwiko: unaona? Yeye alikuwa amekunja uso. Kisha ikafika mahali ambapo mikono yote miwili inatakiwa kufunguka na kuanguka kwa nguvu. Ikafunguka. Ikaanguka. Paf!

Sijui muziki, lakini ile "paf" hata mbuzi wa jirani angeijua si yenyewe. Mama aliyekaa nyuma yangu akamnong'oneza mwenzake: "Muziki ya bazungu njo iko vile."

Paf ya pili. Ya tatu. Mama Masika akawa anaruka juu ya kiti, anainama kushoto, anainama kulia, vidole vinajinyoosha, vinakosa. Akasimamisha. Akaangalia viganja vyake. Akaanza upya tangu mwanzo, matone matone matone, paf! Jasho likamtoka. Ukumbi ukaanza kunong'ona, na mnajua manong'ono ya Butembo yanavyokua. Yalipoanza mlangoni yalikuwa "amechoka na njia". Yalipofika katikati yakawa "mukono inamukauka". Yalipofika mbele, Mama Kahindo akasimama.

Mama Kahindo ndiye anayetunyooshea mifupa sisi wote, na hatembei bila chupa yake ya mafuta ya mawese. Akapanda jukwaani kama mtu aliyeitwa. Akamshika Mama Masika mkono, akaugeuza, akaupima kwa macho, akatangaza kwa sauti ya sokoni:

"Bidole binarudia ndani! Kuyeni munisaidie!"

Wakapanda mamas wengine wawili. Wakampaka mafuta hadi viwiko. Kila mmoja akachukua kidole chake akaanza kuvuta. Naapa. Jukwaani, mbele ya masista, mbele ya wazazi wa kiume kutoka Beni waliovaa koti. "Vuta polepole! Hapana ile, ile ya pete!" Baba Katekista naye akaona asiachwe nyuma, akaanzisha sala, na ukumbi mzima ukaitikia. Na mkwe wangu, katikati ya hayo yote, vidole vinavutwa pande tatu, anashukuru tu kwa adabu: "Wasingya, bamama. Wasingya. Inatosha, wasingya."

Muhindo akanigeukia polepole.

"Mama. Hii ni piano gani?"

"Piano yake."

"Mama."

"Ya bamisionari," nikasema chini chini. "Yake balikata mu njia. Miye nikaificha. Namuokolea haya, Muhindo! Meno yote balipunguza, njo nilipima!"

Mwanangu akafumba macho. Alipofumbua alikuwa amezeeka.

"Hapana, mama. Njo balitengeneza vile. Exprès, kwa kusudi! Ni piano ya batu ya mikono kidogo. Meno iko mwembamba juu mukono yake ifike. Iko nayo Beni tangu mwaka jana, anaizoea kila siku. Miaka makumi mbili alikuwa anashindwa kwa piano za kawaida, balimu banamuambia ni uvivu. Ile piano njo ilimuponesha. Mama, uliifanya nini?"

Nilitamani ardhi inimeze na benchi lake. Nikafikiria kuzimia. Nikalifikiria kabisa, hata goti moja nilishalikunja, nikawa natafuta upande usio na vumbi. Kule jukwaani Mama Kahindo akapiga kelele kwa furaha: "Ile ya pete imeongezeka kidogo!" Nikamtazama Mama Masika. Alikuwa karibu kulia, na bado alikuwa ananichekea mimi, mimi, ili nisione aibu mbele ya watu wangu. Nikasimama.

"Mumuachilie! Mikono yake haina kitu! Ni mimi!"

Sala ikakatika. Mama Kahindo akabaki ameshika kidole.

Nikaeleza. Yote. Nikaeleza shubiri, nikaeleza mikunjo ya vikwembe, nikaeleza mbao za pembeni, nikasema Paluku ni shahidi wangu. (Paluku alikuwa amekwisha kutoka nje. Tuseme kupunga hewa.) Nikasema nilidhani ni wizi, kumbe ni dawa. Nikasema mama huyu alitambua tangu alipokaa, akavumilia kwa ajili yangu. Ukumbi ukanyamaza kabisa, kimya ambacho ule muziki ulikuwa umekitafuta tangu ulipoanza bila kukipata. Kisha kutoka nyuma, sauti ya mwenzangu wa vikwembe, ambaye simtaji lakini anajijua na yuko kwenye kundi hili:

"Leo mita imekosea!"

Walicheka hadi masista wakashikana mabega. Baba Katekista alicheka akiwa bado na ishara ya msalaba mkononi.

Mnadhani imeisha? Piano ilikuwa bado jikoni. Tukaenda mimi, Muhindo na watano wa ile sauti ya nne, kwa kuwa wa sita bado anapunga hewa. Tukafungua mlango. Jamani. Kwa sababu asubuhi niliwaambia wapishi "hii ni kitu ya bure", wapishi wakaifanya meza. Juu ya piano iliyoponya maradhi ya miaka ishirini kulikuwa na sahani, vitunguu, ndizi, na tilapia kumi na saba za ziwani Kyavinyonge, zimekaangwa, zimepangwa mistari, zinasubiri wageni.

"Mama Muhindo, ulisema iko ya bure!" mpishi akalia.

"Nilisema. Toa samaki."

Walikuwa wametandika nailoni chini, Mungu awabariki, mbao hazikuguswa. Lakini harufu haizuiliwi na nailoni. Tukaibeba kupita katikati ya ukumbi, mimi mbele nikifungua njia, na kila benchi tulilolipita watu waligeuza pua kwanza, macho baadaye. Mtoto mmoja akauliza kwa sauti kama chakula kimeiva. Nikakivua kikwembe changu kutoka kwenye piano ya kale, pini zikinichoma vidole, na sikulalamika hata kwa pini moja.

Mama Masika alinawa mafuta kwa sabuni ya vyombo mara tatu. Akakaa. Akaweka mkono wake mdogo juu ya meno yale membamba, na nikaona kwa macho yangu: kuanzia do hadi do, umelala pale bila kujinyoosha, na nafasi imebaki. Akaanza. Matone matone matone. Ikafika pale mahali. Nikashika mkono wa Muhindo.

Ikaanguka yote kwa pamoja, kubwa, safi, hadi vioo vya madirisha vikalia. Na ikaanguka tena, na tena, na yule mwanamke mdogo sikumwona tena mdogo. Sikuelewa kitu. Hakuna maneno, hakuna ngoma. Nililia kwa sauti hadi mama wa nyuma akanipa kitambaa. Niliwaza ile miaka yote anaambiwa ni mvivu, na mkono wake haukuwa na kosa lolote, na leo alipopata kinachomtosha, mtu wa kwanza kukitilia shaka ni mimi na mita yangu. Alipomaliza watu walisahau kwamba lazima wasubiri, wakapiga vigelegele, wakapanda kumkumbatia. Mama Kahindo anawaambia wote kwamba ni yale mafuta.

Baadaye, wakati wa kula (tilapia zilikuwa nzuri, nasikia, mimi sikuzionja), akanifuata.

"Mama Muhindo," akasema, "ulipima muzuri. Ni kweli iko kidogo."

"Unisamehe, mama. Nilipashwa kukuuliza."

"Nilitaka kusema. Mais ulikuwa unacheka muzuri sana, nikaogopa kukuharibia siku."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akacheka. Mimi nikalia tena. Nikamuuliza moja kwa moja, maana sijui njia nyingine: "Na batoto, bataoana?"

Akafikiri. Akaangalia piano, akanusa hewa kidogo, akaniangalia.

"Nitaongea na Muhindo," akasema.

Wakapanda gari wakarudi Beni kabla ya giza. Nimekaa chumbani tangu hapo simu mkononi, nasema basi, msichana wa tatu huyo, na safari hii siwezi kusingizia chumvi. Dakika kumi zilizopita Muhindo ameniandikia. Nanakili ujumbe kama ulivyo:

"Mama, banakubali. Bote. Dote ni mwezi kesho. Mama yake anakupenda sana. Banaomba kitu moja tu: ile siku ukuwe mugonjwa."

Basi mkikutana na watu wa Beni, waambieni mmesikia kifua cha Mama Muhindo si kizuri. Nimeanza kukohoa leo hii ili nizoee. Anayetaka kucheka acheke sasa, siku ya mahari mwezi kesho nataka pole tu.